Kituo cha data Olkaria: kipi kitangulie, kompyuta au laini za stima?

Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, kampuni ya Microsoft na kampuni ya G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kuwekeza dola bilioni 1 nchini Kenya. Kitovu cha mpango huo ni kituo cha data cha Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachoendeshwa kwa umeme wa jotoardhi. Kingeanza na megawati 100, kisha kikue hatua kwa hatua hadi megawati 1,000.

Kila tunapoligusa jambo hili hewani, simu huingia na swali ni lile lile. Huku kwetu stima hupotea jioni, transfoma ikiungua tunakaa gizani siku nyingi, je, hicho kituo kitapata umeme wapi? Na bili yangu itapanda? Ni maswali ya haki. Tumekaa tukayachambua, na tumeona kwamba jibu halitegemei sana ukubwa wa kituo chenyewe. Linategemea zaidi kalenda na mkataba: nani anajenga nini, lini, na nani analipa mwenzake akichelewa.

Hicho kituo cha data ni nini hasa

Unapotuma picha kwa WhatsApp, unapotafuta bei ya mahindi mtandaoni au unaposikiliza kipindi chetu kupitia intaneti, simu yako haifanyi kazi hiyo peke yake. Inaongea na kompyuta zilizopangwa kwenye rafu, maelfu kwa maelfu, ndani ya jengo kubwa lenye ulinzi. Jengo hilo ndilo kituo cha data. Kompyuta zake, ziitwazo seva, haziendi kulala. Zinakula umeme mchana na usiku, na kwa kuwa zinatoa joto kali, umeme mwingine unatumika kuzipoza.

Tuzungumze kwa lugha ya tokeni. Megawati 100 zikitumika kwa saa 24 ni uniti milioni 2.4 kwa siku moja. Familia ya kijijini yenye taa, redio, televisheni ndogo na simu za kuchaji inaweza kutumia uniti 30 kwa mwezi, yaani uniti moja kwa siku. Kwa hivyo kituo cha megawati 100 kikifanya kazi kwa nguvu zote kinatumia umeme wa nyumba milioni 2.4 za namna hiyo. Na hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Sasa linganisha na nchi nzima. Mwaka 2025 mahitaji ya umeme ya Kenya wakati wa kilele yalipita megawati 2,300. Megawati 100 juu ya hizo zinaweza kubebeka kwa mipango mizuri. Megawati 1,000 ni habari nyingine kabisa. Jotoardhi yote ya Kenya, tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria uanze kazi mwaka 1981, ilikuwa bado chini kidogo ya megawati 1,000 kufikia mwisho wa 2024. Yaani mteja mmoja angehitaji kiasi ambacho taifa lilichukua zaidi ya miaka 40 kukichimba.

Usiku ni neema, jioni ni shida

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, na linawapa wanaounga mkono mradi huu hoja nzuri. Kisima cha jotoardhi huwezi kukifungua na kukifunga kama bomba la maji la nyumbani. Mvuke unatoka kilomita mbili tatu chini ya ardhi, saa zote. Usiku wa manane Wakenya wakilala na viwanda vikipunguza kazi, mahitaji ya umeme hushuka karibu na nusu ya kilele. Matokeo yake ni kwamba KenGen imekuwa ikilazimika kuachilia mvuke hewani baadhi ya usiku kwa sababu hakuna wa kuununua umeme wake. Mteja asiyelala angeununua. Fedha hizo zingesaidia kulipia mitambo ambayo kwa sasa tunailipia sisi tu.

Lakini mteja asiyelala usiku halali jioni pia. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku ndipo kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 viongozi wa serikali walikiri hadharani kwamba saa hizo baadhi ya maeneo hukatiwa umeme makusudi ili gridi isizidiwe. Msikilizaji wa magharibi mwa nchi hahitaji kuambiwa na waziri, analijua kwa kukaa gizani. Ukiongeza megawati 100 kwenye saa hizo bila kuongeza uzalishaji na laini, kuna mtu mahali fulani atazimiwa. Na hakuna anayejenga kituo cha dola bilioni moja akikubali awe yeye.

Kuna wanaosema kituo kitakuwa pale pale kando ya visima, kwa hivyo kitachukua umeme wake bila kuugusa wa kwetu. Ni kweli kwamba kujenga karibu na mtambo kunapunguza haja ya laini ndefu, na KenGen yenyewe ina mpango wa eneo la viwanda hapo Olkaria kwa sababu hiyo hiyo. Ila mvuke ni ule ule. Uniti iliyouzwa kwa seva haiwezi kuuzwa tena Kakamega. Na siku mtambo wa jirani ukizimwa kwa matengenezo, kituo hicho kitageukia gridi ya taifa kama sisi wengine.

Kalenda mbili zisizolingana

Kampuni zenyewe zilisema huduma ingeanza ndani ya miezi 24 tangu kutiwa saini mikataba ya mwisho. Kwa ujenzi wa jengo na kuingiza kompyuta, miaka miwili ni muda unaowezekana. Upande wa umeme hali si hiyo. Kuchimba visima, kuvipima, kutafuta mkopo, kuagiza mitambo na kuijenga huchukua miaka mitano na zaidi. Laini kubwa ya umeme nayo ina safari yake: upimaji, idhini ya mazingira, fidia ya ardhi, zabuni, vyuma kutoka ng'ambo, kisha ujenzi.

Tena kazi hiyo haiko mikononi mwa mtu mmoja. KenGen huzalisha. KETRACO hujenga laini kubwa. Kenya Power hununua na kutuuzia. EPRA hupanga bei. Mmoja wao akichelewa, wengine wote husubiri. Fedha nazo zina vituko vyake: mkataba wa takriban dola milioni 736 ambao kampuni ya Adani ya India ingejengea laini kubwa nchini ulifutwa na Rais Novemba 2024, na laini zilizotegemewa humo zikabaki kutafutiwa mjenzi mwingine.

Kama unadhani tunatia chumvi, kumbuka Turkana. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310 ulikamilika mwaka 2017. Mitambo ilisimama tayari pale Loiyangalani, upepo unavuma, lakini hakukuwa na laini ya kuupeleka umeme. Laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa jukumu la serikali. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi iliingia katika ufilisi, na fidia za ardhi zilikuwa zimeshachelewesha mambo. Umeme ulianza kupita Septemba 2018.

Mkataba ulisema mwekezaji alipwe kwa umeme ambao angeuzalisha, hata kama hakuna wa kuuchukua. Basi Kenya ikalipa zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa upepo uliopita bure, na sehemu nyingine ya deni ikaingizwa katika bei ya umeme huo kwa miaka iliyofuata. Sisi tunaona hilo ndilo somo kubwa zaidi la umeme katika nchi hii kwa miaka kumi iliyopita, na linazungumzwa kidogo mno.

Kituo cha data kinageuza hadithi hiyo upande wa pili. Turkana mtambo ulisubiri laini. Hapa kuna hatari mbili. Ya kwanza, mteja anafika na umeme haupo, kisha gridi inabanwa ili apate. Ya pili ni mbaya zaidi kwa mfuko wako: tunakopa, tunachimba, tunajenga laini na kituo kidogo cha umeme, halafu mteja anabadili nia au anatumia robo tu ya alichoahidi. Ni kama familia iliyochinja ng'ombe na kukodi mahema, bwana harusi asitokee. Deni la mahema linabaki kwa waliokaribisha.

Waliotangulia wamefanya nini

Kenya si ya kwanza kukutana na jambo hili, na kuna mengi ya kujifunza kwa waliokwisha kuumia.

Ayalandi ni nchi yenye watu wapatao milioni 5. Kampuni kubwa za teknolojia zilikwenda kwa wingi, hasa pembezoni mwa jiji la Dublin. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa nchini humo. Kufikia 2023 vilitumia asilimia 21. Nyumba zote za mijini zilitumia asilimia 18 mwaka huo, na nyumba zote za vijijini asilimia 10. Wasimamizi walishtuka. Novemba 2021 mdhibiti wao aliweka masharti: maombi mapya yapimwe kwa kuangalia eneo lina umeme wa kutosha au la, mwombaji anaweza kuja na mitambo yake au betri za kiasi anachohitaji au la, na anaweza kupunguza matumizi akiombwa au la. Kwa Dublin, kampuni ya gridi ilisema maombi mapya yasitarajiwe kuunganishwa kabla ya 2028.

Huko Marekani, kaunti ya Loudoun jimboni Virginia ndiyo yenye msongamano mkubwa zaidi wa vituo vya data duniani. Julai 2022 kampuni ya umeme ya Dominion iliwaambia wajenzi kwamba mitambo ya kuzalisha ipo, ila laini za kufikisha umeme mashariki mwa kaunti hiyo zimejaa, na baadhi yao wangesubiri hadi 2026. Majengo yalikuwa yamepanda haraka kuliko milingoti.

Virginia ilitupa pia onyo la aina nyingine. Tarehe 10 Julai 2024 hitilafu ilitokea kwenye laini moja kubwa. Vituo vya data vipatavyo 60 vilihisi umeme ukiyumba, na mitambo yake ikajitoa kwenye gridi yenyewe na kuhamia kwenye umeme wake wa akiba. Ghafla megawati 1,500 za matumizi zikatoweka. Mtu anaweza kufikiri ni nafuu, kumbe la. Gridi ni kama mizani. Uzito ukitolewa ghafla upande mmoja, upande wa pili unaruka. Gridi ya huko ni kubwa sana, ikastahimili. Kwa Kenya, megawati 1,500 ni karibu theluthi mbili ya kilele chetu. Hata kituo cha megawati mia chache kikijitoa kwa mpigo mmoja kingeweza kuzima nchi, na tangu usiku ule wa Agosti 2023 taifa zima lilipokaa gizani tunajua kurudisha umeme huchukua saa ngapi. Kwa hiyo masharti ya jinsi kituo kinavyojitoa na kurudi lazima yaandikwe kabla ya kuunganishwa.

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka jimbo la Ohio. Kampuni ya umeme ya AEP Ohio ilipokea maombi ya vituo vya data yaliyojumlisha zaidi ya megawati 30,000. Julai 2025 mdhibiti wa jimbo alipitisha utaratibu mpya: kituo kikubwa cha data kilipe angalau asilimia 85 ya umeme kilichosema kinahitaji, kikiutumia au kisiutumie, kwa muda unaofika miaka 12. Maombi yakashuka hadi takriban megawati 13,000. Maana yake zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanajaribu bahati tu. Kama Ohio ingejenga laini kwa ajili ya wote, wenye nyumba wa kawaida wangelipia nyaya zisizo na mteja.

Texas nayo Juni 2025 ilipitisha sheria kwamba wateja wapya wakubwa, wa megawati 75 na zaidi, waweze kukatwa umeme gridi ikiwa taabani, kabla ya nyumba za watu. Hapa kwetu, hilo lingekuwa jambo la kuuliza kwanza kabisa: saa mbili usiku mambo yakibana, anazimwa nani?

Linakugusaje wewe

Njia ya kwanza ni bei. Gharama ya laini na mitambo huingia katika bei ya msingi ya umeme, ambayo EPRA huipitia kila baada ya miaka mitatu. Kituo cha data kikilipa sehemu yake kamili, na kikinunua ule mvuke wa usiku unaopotea, gharama za kudumu zinagawanywa kwa uniti nyingi zaidi na bei yako inaweza hata kupungua. Kikipewa bei ya upendeleo iliyo chini ya gharama, pengo litajazwa na wateja wengine. Hesabu hiyo haitaandikwa kwenye ujumbe wa tokeni. Utaona tu kwamba shilingi mia inaleta uniti chache kuliko mwezi uliopita.

Njia ya pili ni ardhi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayofika mlangoni. Upanuzi wa gridi ni laini, na laini hupita shambani mwa mtu. Laini ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa mita 30, ya kilovolti 220 mita 40, na ya kilovolti 400 mita 60. Ardhi inabaki yako, unaweza kulima mazao mafupi chini yake, lakini huwezi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu. KETRACO hulipa fidia kwa kizuizi hicho, na pia kwa mazao, miti na majengo yanayoondolewa.

Wapimaji wakija kwako, uliza laini ni ya kilovolti ngapi na ukanda wake ni mita ngapi. Hesabu miti na mazao yako pamoja nao, piga picha kwa simu, na ubaki na nakala ya karatasi yoyote unayotia sahihi. Kama shamba bado liko kwa jina la marehemu babu, anzeni mambo ya urithi sasa, kwa sababu hapo ndipo fidia za familia nyingi hukwama miaka na miaka. Na msikubali kuambiwa kwamba mnaodai fidia ndio mnaochelewesha maendeleo. Mradi uliotenga fedha za fidia mapema hauchelewi. Unaochelewa ni ule uliopeleka vyuma kwanza na kumkumbuka mwenye shamba baadaye.

Njia ya tatu ni foleni. Mafundi, transfoma na bajeti vina kikomo. Kama kituo kidogo cha umeme kitajengwa kwa ajili ya mteja mkubwa, ni rahisi wakati huo huo kuweka nafasi ya laini ya kusambaza kwa vijiji vya jirani. Baada ya kazi kufungwa ni ghali na ni vigumu. Wakazi wa Naivasha na Narok wanaoishi kando ya mabomba ya mvuke wanajua inavyokuwa kuangalia milingoti mikubwa ikipita juu ya nyumba zisizo na taa.

Mapendekezo ya bei mpya yanapowasilishwa, EPRA hufanya mikutano ya kusikiliza maoni ya wananchi katika kaunti, na mtu yeyote ana haki ya kuhudhuria au kuandika barua. Swali la kubeba ni fupi: mteja huyu mkubwa ameahidi kulipia asilimia ngapi ya umeme alioomba, kwa miaka mingapi, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Tarehe za mikutano ya kaunti zetu zikitangazwa tutazisoma kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa moja usiku.